Moto wa Pori Ukikukuta Kiangazi: Mwongozo kwa Wanaoingia Miombo ya Lubumbashi

Kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza, pori linalozunguka Lubumbashi huwaka karibu kila siku. Toka mjini kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kasumbalesa, utaona moshi upande huu na upande ule, na hakuna anayeshtuka. Mchoma makala (mkaa) anaendelea kupanga magogo yake, kijana anasukuma kinga (baiskeli) iliyosheheni magunia, mama anakata kuni. Tumeuzoea moto mno. Ndiyo maana upepo ukigeuka ghafla, watu wengi hawajui waelekee wapi, nao hufanya lile ambalo miguu inawatuma: wanaukimbia moto kwa kufuata upepo. Kule upepo unakokwenda ndiko moto nao unakokwenda, tena kwa kasi kuliko wao.

Katika miombo, yaani pori letu la miti na nyasi, kimbilio la kwanza ni ardhi iliyokwisha kuungua, na la pili ni ardhi isiyo na kitu cha kuungua. Nitaeleza jinsi ya kuzipata kabla hujazihitaji, na la kufanya ukizikosa.

Jua unaingia porini mwezi gani

Lubumbashi hupata mvua ya kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili mwanzoni. Katika miezi hiyo nyasi hukua hadi kumpita mtu mzima kimo. Mvua ikikatika, zinabaki zimesimama na kuanza kukauka. Moto wa Mei na Juni hukuta mashina bado yana ubichi, na usiku kuna baridi na umande, kwa hiyo hutambaa, huacha mabaka yasiyoungua na mara nyingi hujifia wenyewe kabla ya alfajiri. Moto wa Septemba na Oktoba ni kitu kingine kabisa. Nyasi zimekauka mpaka shinani, miti imepukutisha majani, hewa haina unyevu na upepo wa mchana una nguvu. Kule Ndola, Zambia, kwenye miombo ya aina hii hii ya kwetu, majaribio yalianza mwaka 1933 ya kuchoma viwanja kwa nyakati tofauti. Viwanja vilivyochomwa mapema vilibaki na miti yake. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi, mwaka baada ya mwaka, viligeuka nyasi na vichaka. Moto unaoua mti mkubwa hautakuhurumia wewe.

Kuna jambo linalowadanganya hata wenyeji. Mnamo Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, miti ya miombo huchipua majani mapya, mengine mekundu, mengine ya kijani laini. Ukitazama juu unaona uhai, unadhani pori limepoa. Lakini moto wetu haupiti juu ya miti kama ule wa misonobari ya Marekani unaoonyeshwa kwenye televisheni. Wa kwetu hupita chini, kwenye nyasi na majani makavu. Tazama chini, siyo juu.

Na hapo ndipo penye matumaini. Nyasi huwaka kwa ukali lakini kwa muda mfupi sana: mahali pamoja, miali mikubwa hupita kwa sekunde chache tu, mara nyingi haifiki nusu dakika. Huhitaji kuvumilia moto saa nzima. Unahitaji kuzimaliza sekunde hizo bila joto kukuunguza na bila kuvuta hewa ya moto kifuani.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na nguo, kwa sababu hizo huwezi kuzibadilisha moto ukishafika. Vaa pamba au sufu: suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia ya kitambaa, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, na jezi nyingi za mpira tunazozivaa ni poliesta tupu. Kitenge cha pamba ni silaha nzuri sana kwa mama na mtoto, ila vitenge vingi sokoni sasa si pamba. Pima hivi: chomoa uzi mmoja pindoni, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Uzi wa pamba utanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu mepesi yanayosagika vidoleni. Uzi wa poliesta utajikunja, utayeyuka na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Kitenge cha kijidonge kiache nyumbani. Fanya vivyo hivyo kwa blanketi la kwenye gari.

Beba maji, angalau bidoni (dumu) ya lita 5 kwa watu wawili, na si ya kuzimia moto bali ya kunywa na ya kupoza majeraha. Beba panga au jembe, kiberiti kilichofungwa kisilowe, na simu yenye chaji. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji mtakachopitia, njia mtakayofuata na saa mnayotegemea kurudi. Vilima vingi huku havina mtandao, kwa hiyo usiweke tumaini lako lote kwenye simu.

Kama una intaneti kabla ya kuondoka, fungua ramani ya moto iitwayo FIRMS, ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Ni ya bure, na huonyesha sehemu ambazo satelaiti zimeona joto la moto, kwa kawaida ndani ya saa 3 tangu zipite. Wengi huifungua ili kujua wapi panawaka leo. Mimi naona faida yake kubwa zaidi ni kurudi nyuma siku na wiki kadhaa ili kujua wapi pamekwisha kuungua, kwa sababu hapo ndipo utakapokimbilia. Isichukuliwe kama ulinzi, maana satelaiti hupita mara chache kwa siku na moto mdogo unaweza kuikwepa.

Panga kazi yako na saa. Hatari huanza jua likishapanda, kama saa tano asubuhi, na hukaa mpaka saa kumi alasiri, wakati hewa ni kavu kabisa na upepo unavuma. Kama lazima ukate njia kwenye nyasi ndefu ambazo hazijaungua, zipite asubuhi na mapema.

Ukiwa njiani, tia alama machoni

Kila unapotembea, jiulize: moto ukitokea sasa hivi, nakwenda wapi? Jibu hubadilika kila baada ya dakika chache, na litakuwa moja ya haya.

Ardhi nyeusi, iliyoungua msimu huu, ni bora kuliko zote. Hata hivyo ikague. Palipoungua Juni panaweza kuwa pamefunikwa na majani yaliyopukutika Agosti, na hayo hubeba moto mdogo. Huo utauruka au kuuzima kwa matawi mabichi, lakini usidhani hauwezi kuja.

Vichuguu vikubwa ni zawadi ya Katanga. Vipo vinavyofika mita 8 kwenda juu, vipana kama nyumba. Ukijificha nyuma yake, upande ambao moto hautokei, kinakukinga na joto. Tatizo ni kwamba vingi vimeota vichaka na nyasi juu yake, na hivyo huwaka. Kilicho bora ni kile ambacho mafundi wa matofali wamekwisha kukichimba: wameacha ukuta wa udongo mtupu, na chini yake uwanja usio na jani hata moja. Ukipita karibu na shimo la matofali, liweke akilini. Epuka kichuguu chenye tundu la mnyama, kwa maana nyoka naye anakimbia.

Dembo, lile bonde la nyasi lisilo na miti ambalo hujaa maji wakati wa mvua, linahitaji tahadhari zaidi kuliko yote. Watu hulifikiria kama mahali pa maji, na ni kweli kwamba mwezi wa Mei katikati yake bado ni tope. Lakini kufikia Agosti madembo mengi huwa bahari ya nyasi kavu, nene kuliko za msituni, bila mti wa kukata upepo. Hapo ndipo miali huwa mirefu na mwendo huwa mkali. Usikimbilie dembo kwa sababu tu unajua lina maji wakati wa mvua. Likimbilie ikiwa unayaona maji au tope kwa macho yako, na hakuna ukuta wa nyasi kati yako na hayo maji.

Mushitu, ule msitu wa kijani unaoshika chemchemi na kingo za vijito, ni salama zaidi. Kivuli chake huzuia nyasi kuota, na moto wa kawaida huishia ukingoni. Ingia ndani kabisa, usisimame pembeni. Mto wenyewe unafaa pia, ila katika mito yenye mamba kama Lufira kaa kwenye mchanga au miamba ya ukingo ikiwa inatosha.

Barabara ya udongo, uwanja wa tanuru la makala uliofagiliwa, shamba lililolimwa, mwamba mtupu: vyote vinafaa kwa kadiri ya upana wake. Wazimamoto wa pori wa Marekani hupima hivi: umbali kati yako na miali usipungue mara 4 ya urefu wa miali, mahali tambarare na bila upepo. Miali ya mita 2 inadai mita 8 kila upande. Nao wamevaa mavazi maalumu. Wewe mwenye shati la pamba ongeza, na ongeza tena kama kuna upepo au mteremko.

Usome moto kabla hujachukua hatua

Ukiona moshi, simama. Dakika moja ya kutazama ina faida kuliko dakika kumi za kukimbia ovyo. Moto unaosukumwa na upepo una kichwa, mbavu mbili na mkia. Kichwa ndicho kinachokimbia na upepo, miali yake imelala mbele, mirefu. Mbavu huwaka pembeni kwa ukali wa kati. Mkia hurudi nyuma polepole dhidi ya upepo, miali yake mara nyingi haivuki goti, na nyuma yake ni majivu.

Upepo wa kiangazi huku kwetu hutoka zaidi kusini mashariki, kwa hiyo vichwa vingi huelekea kaskazini magharibi. Usikariri tu, chota vumbi, liangushe, tazama linakoangukia. Moshi ulioinama kwako maana yake kichwa kinakuja kwako. Moshi unaopanda wima maana yake bado una nafasi. Vimbunga vidogo vya vumbi vya adhuhuri vinaweza kuokota majani yanayowaka na kuyatupa mbele, ukajikuta una moto wa pili nyuma yako.

Mlima ubadilishe hesabu zako zote. Moto hupanda mlima kwa kasi, na kwa kila nyuzi 10 za mwinuko kasi yake huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo miteremko ya milima ya Kundelungu, na hasa mabonde membamba yanayovuta hewa kwenda juu, si mahali pa kuwa. Moto ukiwa chini yako, usipande. Kata kwa ubavu kuelekea pembeni, halafu ushuke ukishaupita.

Ondoka kwa ubavu

Ukijua kichwa kiko wapi, tembea kukatisha upepo, siyo kuufuata. Lengo ni kutoka mbele ya kichwa, kuufikia ubavu, kisha kuingia kwenye weusi, yaani ardhi iliyokwisha kuungua, ulio nyuma. Tupa mzigo. Gunia la makala linarudishwa kwa kazi ya wiki, usilibebe. Acha pia pikipiki ikiwa haiwezi kupita, na uiache mbali na pale utakapojilaza, kwa ajili ya petroli. Shikaneni kundi zima, mwenye mwendo mdogo akitangulia, mtoto mdogo mgongoni kwa mtu mwenye nguvu.

Kuuvuka mstari wa moto ili kuingia kwenye weusi kunawezekana pale tu penye masharti haya yote: miali iko chini ya goti, mstari ni mwembamba, na unaona ardhi nyeusi upande wa pili kwa macho yako. Funika uso na kichwa kwa kitambaa kikavu, vuta pumzi kabla, izuie, pita kwa hatua za haraka bila kusimama. Kama huoni ng'ambo, usijaribu.

Kujichomea kimbilio

Hili ni la mwisho, wakati kichwa kinakuja, ubavu uko mbali mno na hakuna ardhi tupu. Mnamo tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, wazimamoto walifukuzwa na moto wa nyasi mlimani. Mkuu wao, Wagner Dodge, alisimama, akawasha kiberiti kwenye nyasi zilizo mbele yake, akaingia kwenye majivu ya moto wake mwenyewe na kulala kifudifudi. Aliwaita wenzake, hawakumfuata. Walikufa watu 13. Yeye na vijana wawili waliofika kwenye miamba walisalia.

Utaratibu ni huu. Simama kwenye kijia au mahali nyasi ni fupi, mgongo wako ukiuelekea moto mkubwa. Washa nyasi zilizo mbele yako, upande upepo unakokwenda, ili moto wako ukimbie mbali nawe. Washa mstari wa mita kadhaa, siyo nukta moja. Sehemu ndogo itakayojaribu kurudi kwako izime kwa matawi mabichi. Mara tu moto wako unapoacha weusi wa kutosha, ingia katikati na ulale. Inahitaji dakika, hivyo usisubiri mpaka usikie mvumo wa kichwa masikioni. Na usifanye hivyo kamwe kama upande wa upepo kuna watu, shamba au kijiji, au kama bado una njia nyingine ya kutoka.

Moto umekukuta

Umebaki na kijishimo, mfereji wa barabara au kipande cha udongo. Kwangua nyasi kwa panga, jembe au miguu mpaka uone udongo mtupu, upana wowote utakaoweza kuupata. Jilaze kifudifudi, miguu ikielekea unakotoka moto, uso ukiwa udongoni ndani ya mikono yako. Chimba kishimo kidogo cha pua na mdomo: hewa ya chini ndiyo baridi zaidi. Jifunike kwa kitenge cha pamba, blanketi la sufu, au udongo wenyewe. Mtoto aingie chini ya kifua chako.

Kitambaa cha mdomoni kiwe kikavu. Watu wengi hukilowesha kwa nia njema, lakini joto kali likikipiga maji hugeuka mvuke, na mvuke huchoma koo kuliko hewa kavu. Mvumo utakapofika juu yako utatamani kuinuka. Usiinuke. Hewa ya moto inayovutwa mara moja tu yaweza kufunga njia ya pumzi, na hilo huua watu ambao ngozi yao haijaungua sana. Hesabu polepole. Kelele zikipungua na joto likilegea, subiri kidogo, kisha inuka na uingie kwenye weusi.

Ukiwa kwenye gari

Usiingize gari kwenye moshi usioona ng'ambo yake. Malori yasiyo na taa yamo humo. Rudi nyuma kama unaweza. Kama huwezi, egesha mahali pasipo nyasi, mbali na miti, washa taa, funga madirisha na matundu ya hewa, lala chini kabisa chini ya usawa wa vioo, ujifunike kwa sufu au pamba. Gari litajaa moshi na harufu ya plastiki, lakini kulikimbia wakati miali inapita ni hatari zaidi. Toka miali ikishapita, uhamie upande uliokwisha kuungua.

Weusi nao una hatari zake

Mti wa miombo uliokufa huendelea kuwaka ndani siku kadhaa, kisha huanguka bila upepo. Usipumzike chini yake. Mizizi iliyoungua huacha shimo lenye makaa chini ya majivu meupe, kwa hiyo tanguliza fimbo kabla ya mguu.

Aliyeungua mwagilie maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Bado husaidia hata zikipita saa 3 tangu aungue. Akianza kutetemeka kwa baridi, hasa mtoto, mfunike sehemu nyingine za mwili. Vua pete, saa na viatu kabla ya uvimbe, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, mpe maji ya kunywa kwa vijiko kama ana fahamu zake.

Mwangalie hata yule asiye na jeraha. Sauti iliyokwaruza, masizi kwenye mate, nywele za pua zilizoungua, au kuumwa kichwa pamoja na kuchanganyikiwa: huyo amevuta moto au moshi wa sumu, na koo lake linaweza kuvimba baada ya saa kadhaa akiwa anaonekana mzima. Msimsubirishe mpaka kesho. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, akiwa ameketi wima, na njiani, mtandao ukirudi, pigeni simu kwa watu wa kijiji kilicho upande upepo unakoelekea mwaambie moto umefika wapi.